Yuko wapi?

Jumamosi, usiku

Nimerudi kutoka kumuaga Mwalimu na viatu vyangu bado vina vumbi la Nakuru. Amefikisha miaka 60, hana budi kustaafu. Hema zilijaa, pilau ilikuwa tamu, hotuba zikawa ndefu kupita kiasi. Mheshimiwa mmoja alimsifu kwa dakika ishirini bila hata kulitamka jina lake sawasawa.

Mwalimu alinifundisha darasa la nne mwaka 2003, ule mwaka serikali ya Kibaki iliondoa karo ya shule za msingi. Tulifungua shule Januari tukakuta darasa limefurika. Dawati la wawili tukakaa wanne. Kando yangu aliketi mvulana mrefu, sauti imeshavunjika, viganja vigumu kwa kusukuma mkokoteni. Tulimwita Mzee.

Asubuhi Mwalimu akiita majina, waliojibu hakuwashughulikia sana. Jina likikosa jibu ndipo aliposhusha miwani, akatutazama. "Yuko wapi?" Na ole wako useme hujui, hasa kama mlikuwa mkikaa pamoja.

Siku ya tatu Mzee haonekani, Mwalimu alinichukua saa ya chakula cha mchana tukaenda sokoni. Tulimkuta ameinama chini ya gunia la viazi, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Nilijua kutakuwa na kelele. Badala yake Mwalimu alinunua viazi, akapiga gumzo na mwenye mzigo, bei wakapatana, na katika mapatano hayo hayo Mzee akaachiliwa awe anasukuma mkokoteni jioni na Jumamosi tu. Jumatatu alikuwa darasani. Viazi nilibeba mimi, na vilikuwa vizito!

Vyuo vya ufundi vilipokabidhiwa kaunti baada ya uchaguzi wa 2013, Mwalimu alihamia huko, mwishowe akawa mkuu wa chuo. Kuna waliomwonea huruma, kana kwamba ameshushwa cheo, maana kwa wengi wetu chuo cha ufundi ni pa kumtupa mtoto aliyeanguka mtihani. Mimi pia niliwaza hivyo, sitaficha. Kisha nikamtembelea. Kwenye chumba cha ushonaji, chini ya meza ya kukatia, mtoto mchanga alikuwa amelala ndani ya katoni iliyotandikwa vipande vya kitenge. Mamake alikuwa kwenye cherehani, mguu haukomi kukanyaga. Alikuwa ameacha masomo alipopata mimba. Mwalimu akamfuata kwao mara mbili. Mara ya pili alienda na hiyo katoni.

Leo nilipopata nafasi ya kumshika mkono, nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya shukrani. Hakuyangoja.

"Na Mzee? Yuko wapi siku hizi?"

Miaka yote hiyo, na bado anaita majina. Nilisema sijui. Mara ya mwisho nilimwona Januari 2008, tumemaliza darasa la nane, mji umechafuka kwa fujo za uchaguzi, yeye na mamake wamekaa juu ya godoro lao pale Uwanja wa Maonyesho pamoja na wakimbizi wengine. Nilimpungia mkono nikiwa ndani ya matatu.

Mwalimu akashusha miwani.

Nimepiga simu nne tangu niingie nyumbani. Wa mwisho kaniambia nduguye Mzee anauza nyanya mtaa wa Kaptembwo, karibu na steji. Kesho baada ya kanisa nitapita huko.