Nilivyofundisha habari za Wamaya kwa maharage na boksi la udongo

Kosa langu la kwanza lilikuwa projekta. Niliiazima ofisini, nikawaonyesha wanafunzi wa klabu ya historia mahekalu ya Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, huko Guatemala, yanavyochomoza juu ya msitu. Swali la kwanza likaja: "Mwalimu, hayo si yalijengwa na majini?" Wakacheka, lakini niliona kabisa kuwa nusu yao hawatanii. Nilijitakia. Ukimwonyesha mtu jengo la zaidi ya mita 60 bila kumwonyesha mkono uliolijenga, atamtafuta mjenzi kokote.

Ijumaa iliyofuata nikaja na maharage, njiti za kiberiti na kauri chache. Wamaya waliandika tarakimu kwa alama tatu tu: nukta ni moja, mstari ni tano, na umbo kama la kombe la baharini ni sifuri. Sisi tunapanda kwa makumi. Wao walipanda kwa ishirini-ishirini, kutoka chini kwenda juu. Nikamwambia kila mmoja aandike mwaka aliozaliwa. Wengi wao ni wa 2009, na mwaka huo ulinipa somo zuri kuliko nilivyopanga: juu njiti moja, yaani 400 mara tano, katikati kauri, maana hakuna ishirini hata moja, chini njiti na maharage manne. Binti mmoja akaiondoa kauri, eti sifuri si kitu. Jirani yake akamsomea: "Basi wewe umezaliwa mwaka 109, shikamoo bibi." Majini hayakutajwa tena. (Kwenye hesabu yao ya siku ngazi ya tatu ni 360, si 400, ila hilo niliwaachia wale wawili watatu waliogoma kwenda nyumbani.)

Kazi kubwa ilikuwa boksi. Fundi seremala alinigongea boksi la mbao, nami nikalijaza kwa matabaka: udongo mwekundu chini, mchanga, majivu ya jikoni, udongo mweusi juu. Ndani nilizika vigae vya chungu, punje za mahindi zilizoungua, kauri, kipande cha muhogo mkavu na kifuniko cha soda. Majivu yalikuwa na sababu yake. Huko El Salvador kuna kijiji, Joya de Cerén, kilichofunikwa na majivu ya volkano yapata mwaka 600, kikagunduliwa 1976 tingatinga likisawazisha ardhi. Chini ya majivu wanaakiolojia wamekuta nyumba, akiba za vyakula, hata shamba la muhogo. Muhogo ndio uliozua zogo: darasa zima liliamini ni wetu tangu enzi za mababu, kumbe ulivuka bahari kutoka Amerika, sawa na mahindi.

Siku ya kuchimba, mambo yaliniharibikia. Dakika kumi tu, boksi tupu, vitu vyote vimepangwa mezani, vimeoshwa vinang'aa, na hakuna hata mmoja aliyejua kipi kilitoka tabaka lipi. Nilikasirika, halafu nikakumbuka Copán, mji mwingine wa kale wa Wamaya, huko Honduras. Pale kuna ngazi yenye alama zaidi ya 2,000 zilizochongwa, maandishi marefu kuliko yote ya Wamaya wa kale tunayoyajua. Vidato vingi vilikuwa vimeporomoka, na viliporudishwa miaka ya 1930 hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi yale, kwa hiyo mawe mengi yakawekwa bila mpangilio wake. Ni mwaka 1952 ndipo mtafiti wa Kisovieti, Yuri Knorozov, alipoonyesha kwamba alama hizo hubeba sauti za lugha. Mwaka 1960 mtafiti mwingine, Tatiana Proskouriakoff, akaonyesha kwamba mawe yaliyochongwa ya Piedras Negras, mji mwingine wa Wamaya, yanasimulia maisha ya wafalme.

Ili waone kinachopotea mpangilio ukivurugika, nikaandika sentensi: "Juma alimpiga Hamisi kwa sababu Hamisi alimwibia Juma kuku." Nikaikata neno kwa neno, nikachanganya, nikayapa makundi mawili. Wakarudi na wezi wawili tofauti. Basi boksi likajazwa upya. Safari hii tukagawa miraba kwa kamba: mmoja anakwangua kwa mwiko wa mwashi, mmoja anachekecha, mmoja anachora kila kitu kabla hakijanyanyuliwa. Ilichukua Ijumaa mbili. Wachache walikimbilia mpira, sikuwazuia.

Lipo jingine ninaloona haya kulisimulia. Siku ya projekta nilisema Wamaya "walitoweka", na kijana mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, walikwenda wapi. Sikuwa na jibu. Niliporudi vitabuni nikaona kilichokufa ni miji mikubwa ya nyanda za chini za kusini, iliyohamwa kati ya karne ya 8 na ya 10 kwa mchanganyiko wa vita, ukame na wafalme kuishiwa nguvu. Watu wenyewe wapo, mamilioni, Guatemala, Meksiko na Belize, na lugha zao bado zinazungumzwa, Kik'iche' mojawapo. Nikasimama mbele ya darasa nikalifuta neno langu ubaoni.

Boksi lipo stoo. Mwaka huu kifuniko cha soda nakizika chini kabisa, kando ya tundu la panya, nione nani atauliza kimefikaje huko.