Kalemba na Nyumba ya Mapadri

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wale kati yetu waliolelewa kwa salamu nyingine, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la wiki hii ni Yohane 1:43-51. Nathanaeli anapelekewa habari za Yesu, naye, kabla hajamwona, anauliza kama neno jema laweza kutoka Nazareti. Filipo habishani naye, wala hausafishi mji wa Nazareti mbele yake, anamwambia tu, "Njoo uone." Kwa kuwa tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, imekaribia, nimeona tulisome somo hili pamoja na maisha ya mmoja wao ambaye hatajwi mara nyingi katika mahubiri yetu, Mtakatifu Mathias Kalemba Mulumba. Wengi wetu tunamfahamu Karoli Lwanga na vijana wa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Kalemba hakuwa kijana, wala hakuwa mtumishi wa ikulu. Alikuwa mtu mzima wa miaka ipatayo hamsini, mwenye cheo cha kuamua mashauri katika jimbo la Singo, mwenye wake kadhaa, na aliyekwisha kupita katika dini zaidi ya moja kabla ya kubatizwa.

Alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto pamoja na mama yake, akalelewa Buganda kama mwana wa nyumba. Katika ushuhuda wake mwenyewe, aliowasimulia mapadri nao wakauhifadhi, anaeleza kwamba yule aliyemwita baba aliamini kuwa Waganda hawakuwa na ukweli wote kuhusu Mungu, na kwamba kabla ya kufa alimwambia kuwa siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Neno hilo lilimkaa moyoni. Tangu siku hiyo, kila aliposikia kwamba wageni wamefika nchini, alikwenda kuwaangalia ili ajue kama ndio wale waliotabiriwa. Walipokuja Waarabu akajifunza kwao na kuwa Mwislamu, na hata Kabaka Mutesa alipogeuka mwaka 1876 na kuwaua Waganda wengi waliokuwa wameshika dini hiyo kwa dhati, Kalemba aliendelea kuifuata kwa siri.

Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society), na mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, fundi na mwalimu kutoka Uskoti. Inafaa sisi wasomaji wa Kiswahili tukumbuke kwamba mafundisho ya mwanzo kule ikulu yalitolewa kwa sehemu kubwa kwa lugha yetu, na kwamba sehemu za Maandiko zilizosomwa mbele ya Mutesa ni zile zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Kalemba aliposikia Kitabu kikisomwa barazani, alijiuliza kama hawa ndio wajumbe wa Mungu aliowangoja. Akawa anakwenda kwao mara kwa mara, akahudhuria mafundisho yao, akauacha Uislamu, lakini hakuomba ubatizo. Kitu fulani kilimfanya asubiri.

Mwezi Februari 1879 akafika Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans, wote wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Kwa simulizi la Kalemba, mwalimu wake Mackay alimwonya kwamba wageni hao hawaujui ukweli, kwamba dini yao ni ibada ya mwanamke, kwa sababu wanamwabudu Bikira Maria, na kwamba ni heri akae mbali nao kabisa. Kalemba akatii. Alikaa mbali, na anasema wazi kwamba pengine asingewakaribia kamwe, kama mkuu wake asingemwagiza kwenda kusimamia ujenzi wa nyumba moja ya mapadri hao.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana mambo yote yanageukia kwenye kazi hii ya ujenzi. Kalemba hakwenda pale kuhoji mafundisho. Alikwenda kuangalia nguzo, matete na vibarua. Lakini msimamizi wa ujenzi hukaa kutwa nzima, akaona mambo ambayo mgeni wa saa moja haoni: jinsi mwenye nyumba anavyozungumza na mbeba mizigo, jinsi anavyokasirika, jinsi anavyosali wakati anadhani hakuna anayemtazama. Kalemba anasema aliwachunguza kwa makini katika sala zao na katika namna walivyoishi na watu, kisha akajiuliza: watu wanaoonekana kuwa wema hivi wawezaje kuwa wajumbe wa shetani? Baada ya hapo ndipo alipowaendea waliokuwa wakifundishwa na mapadri, akawauliza wanafundishwa nini hasa, na majibu yao yalikuwa kinyume cha yale aliyoambiwa. Mwisho akaenda mwenyewe kwenye mafundisho.

Utaratibu huo unanigusa sana. Kwanza aliona maisha, kisha akauliza, kisha akasikiliza mafundisho, na hakuruka hatua hata moja. Hakuhama kwa sababu alishindwa katika mabishano, ingawa mabishano yalikuwepo ya kutosha. Mwaka uleule wa 1879 Mackay na Lourdel walipingana hadharani mbele ya Mutesa, kila mmoja akidai kwamba mwenzake anafundisha uongo, hata Kabaka akashangaa kuona kila taifa la Wazungu lina dini yake, akauliza atajuaje iliyo ya kweli. Sisi Wakatoliki tukisimulia habari hii tunapenda kulikumbuka lile onyo la Mackay peke yake. Haki inatudai tukumbuke pia kwamba Lourdel naye hakuwa na maneno laini juu ya Waprotestanti siku ile, na kwamba onyo la namna hiyohiyo limetolewa mara nyingi na makatekista wetu wenyewe, kwa vijana waliokuwa wakiwasikiliza kwa utii kama Kalemba alivyomsikiliza mwalimu wake.

Kalemba alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, siku ya Pentekoste, akaitwa Mathias. Kati ya wake zake akabaki na mmoja, akawapangia wengine maisha yao. Miezi michache baadaye, mwezi Novemba, mapadri wakaondoka Buganda kwa sababu ya hali ya ikulu, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa muda huo wote Mkatoliki huyu mpya hakuwa na Misa wala kitubio. Waanglikana walikuwa bado wako nchini, na walimu wake wa zamani alikuwa akiwafahamu vizuri. Hakurudi kwao, lakini pia hakukaa akisubiri tu. Huko Mityana, pamoja na Luka Banabakintu na Noe Mawaggali aliyekuwa mfinyanzi, aliwakusanya watu, akawafundisha kusali na kuijua imani. Mapadri waliporudi waliikuta jumuiya ya Wakristo iliyokuwa imekua bila padre.

Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, nikapata kipaimara humo, na nilipokelewa katika Kanisa Katoliki nikiwa mtu mzima. Watu waliniuliza kama nitabatizwa upya. Sikubatizwa upya, kwa kuwa Kanisa Katoliki linautambua ubatizo uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nilichofanya ni kuikiri Kanuni ya Imani pamoja na wote, kukiri kwamba naamini yote ambayo Kanisa Katoliki linafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu, kisha nikapewa Kipaimara na kushiriki Ekaristi. Liturujia yenyewe inaeleza hivyo kwamba mtu huyu hatoki gizani. Lakini liturujia haiwezi kumjibia mtu mama yake. Mama yangu, ambaye hadi leo anaimba katika kwaya ya usharika wake, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani sisi tulikufundisha Yesu yupi?"

Swali hilo nililibeba kwa muda mrefu, na niliposoma ushuhuda wa Kalemba ndipo nilipoanza kupata maneno ya kumjibu. Kalemba anaeleza kila hatua ya safari yake bila kuidharau ile ya nyuma. Dini ya Waarabu, anasema, aliiona kuwa bora kuliko yale aliyoyakuta kwao. Mafundisho ya Waprotestanti yalikuwa hatua mbele zaidi. Kwa mapadri alipata kile alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo, na tangu hapo hakupata shaka tena. Kwa hiyo nilimwambia mama kwamba Yesu ni yuleyule, kwamba ni yeye aliyenifundisha kumsoma na kumwimbia, na kwamba kama asingenifundisha hivyo nisingekuwa na njaa ya Ekaristi iliyonileta nilipo. Hakukubaliana nami. Aliguna, akaniuliza kama nimekula.

Nawafahamu pia waliokwenda njia ya kinyume, kutoka Misa hadi ibada za Kiprotestanti. Siwezi kusema kwamba naona sawa na wao, kwa maana naamini wameacha kitu kikubwa. Lakini nikiwasikiliza, wengi wao hawaanzi kwa kutaja mafundisho ya Luther juu ya kuhesabiwa haki. Wanaanza kwa kusimulia ugonjwa ambao hakuna mtu wa jumuiya aliyekuja kuwatazama, au msiba ambao waliokuja kuwafariji na kukaa nao usiku walikuwa majirani wa kanisa jingine. Nao walikaa karibu, wakaona. Tukiwalaumu bila kuuliza walichokiona kwetu, tutakuwa tumemsifu Kalemba kwa jambo lilelile tunalowalaumia wao.

Sasa tutazame mwisho wake. Wakristo wa kwanza kuuawa Buganda walikuwa Waanglikana, vijana watatu waliouawa tarehe 31 Januari 1885. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, akaamuru Askofu James Hannington, Mwanglikana, auawe akiwa njiani Busoga, na aliyethubutu kumkemea Mwanga kwa kitendo hicho alikuwa Mkatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa ikulu. Maneno hayo yalimgharimu maisha yake tarehe 15 Novemba. Wakati wa mafundisho walikuwa wameambiwa wakae mbali wao kwa wao. Mbele ya Kabaka, mtoto wa Mapeera alikufa kwa sababu alimtetea askofu wa upande wa Mackay.

Kalemba alikamatwa mwezi Mei 1886 pamoja na Banabakintu. Walipofika mahali paitwapo Old Kampala, tarehe 27 Mei, ilipungua siku moja tu kutimia miaka minne tangu abatizwe. Aliomba auawe palepale, akaagana na Banabakintu kwa kumwambia kwamba watakutana kwa Mungu. Wakamkata mikono na miguu, wakamtoa nyama mwilini, wakafunga mishipa ili damu isitoke upesi, wakamwacha hapo. Inasadikiwa kwamba alifariki tarehe 30. Siku nne baadaye, katika Namugongo, siku ya Kupaa kwa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja. Kwa hesabu inayotumika makanisani, Wakatoliki waliouawa katika dhuluma hiyo yote ni 22 na Waanglikana ni 23.

Natamani ningeishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Tarehe 24 Januari 1892, hata miaka sita haijatimia, Wakristo wa Buganda walipigana huko Mengo, Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza, na bunduki za Kapteni Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa Buganda, ndizo zilizoamua nani ashinde. Baadhi ya waliopigana walikuwa wamesali pamoja na mashahidi. Mackay na Lourdel hawakuyaona hayo, kwani wote wawili walifariki mwaka 1890, mmoja Usambiro, kusini mwa ziwa, mwingine Buganda. Ushuhuda wa damu haukuwazuia waliobaki wasiurudie ugomvi wa walimu wao, na mimi ninaposikia watu wakisema kwamba mateso huleta umoja wenyewe, huikumbuka Mengo.

Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale 22 tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na katika mahubiri yake aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Mtaguso ukatoa hati yake juu ya umoja wa Wakristo, ambayo katika kifungu cha 4 inawataka Wakatoliki watambue kwa furaha mema ya Kristo yaliyo kwa ndugu waliotengana nao, pamoja na ushuhuda wao unaofikia hata kumwaga damu. Kifungu hichohicho kinasema kwamba kumpokea mtu mmojammoja anayetaka ushirika kamili na Kanisa ni jambo tofauti na kazi ya kutafuta umoja wa makanisa, lakini mambo hayo mawili hayapingani. Kwa sisi tuliovuka, sentensi hiyo ni pumziko. Papa Fransisko naye, tarehe 28 Novemba 2015, alipofika Namugongo alitembelea mahali patakatifu pa Waanglikana kabla ya kuadhimisha Misa kwenye mahali patakatifu pa Wakatoliki.

Wiki hii, katika jumuiya ndogo ndogo, tusome Yohane 1:43-51 kisha Marko 9:38-40. Wenye ndoa mseto wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza, na yule mwenzi asiye Mkatoliki akaribishwe kama mwenye neno, asikalishwe kama mgeni wa kutazamwa. Aliye katikati ya njia, anayefikiria kuingia au kutoka, asilazimishwe kutoa jibu mbele ya watu. Amtafute padre au mchungaji wake azungumze naye faraghani, na kabla ya kuhama azungumze pia na wale waliomlea katika imani, hata kama mazungumzo hayo yataishia kwenye swali la chakula. Sala ya waamini iwataje mashahidi wote 45, na wasomaji wajiandae mapema, kwa maana majina ya Kiganda hayatamkiki kwa kubahatisha.