Kadi 250 za harusi na maana ya neno "bure" kwenye programu za kompyuta

Miaka sita nimeendesha steshenari hapa Sinza bila kusoma leseni ya programu hata moja. Kilichonilazimisha ni kadi 250 za mchango wa harusi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kazi imebaki kuchapisha tu. Mzee mwenyekiti wa kamati alishapitisha muundo, na Jumapili mchana kamati ilikuwa inakaa kugawana kadi. Nafungua faili, linagoma. Nafungua jingine, linagoma. Kuangalia vizuri, kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake. Picha za paspoti za wateja, CV, barua, orodha ya majina niliyoichapa siku mbili, yote hivyo hivyo. Ndani ya kila folda nikakuta faili dogo la maandishi ambalo sikuliweka mimi, linaitwa _readme.txt. Nikalisoma nimesimama. Linataka dola 980 nirudishiwe mafaili yangu, na nikiwahi ndani ya saa 72 nalipa nusu, dola 490.

Chanzo nilikijua palepale. Jumatano yake fundi alikuja na flashi akaniwekea programu ya kudizaini. "Dada, zima kwanza antivirasi, inasumbua tu hiyo. Programu nakupa bure, we nilipe ya ufundi." Nikampa elfu kumi na tano, kama si ishirini. Kirusi kile kinajulikana kwa jina la STOP, wengine wanakiita Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ni hizo hizo programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa. Nilipompigia simu, ushauri wake ulikuwa mmoja: tupige Windows upya. Tukapiga, na mafaili yote yakaenda. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu wiki mbili baadaye ndipo nikajua kuwa kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo kisicholipiwa ambacho kinafungua baadhi ya mafaili ya kirusi hicho. Si yote, lakini baadhi. Ikikukuta, hamishia mafaili kwenye diski ya nje kabla fundi hajagusa chochote.

Yule mzee nilimwambia ukweli. Akaja na daftari la kamati usiku ule ule, akaliweka mezani: "Mwanangu, majina yapo humu, anza upya." Mdogo wangu akawa anasoma, mimi nachapa. Mpaka saa tisa usiku. Jumapili saa nne asubuhi kadi zilikuwa kwenye boksi, na hakuna mjumbe aliyeona tofauti.

Baada ya hapo nikaapa kwamba dukani kwangu haingii programu ya kukraki. Nikaanza kutafuta za bure, nikidhani bure ni bure. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Kwa picha za paspoti niliweka IrfanView, programu nyepesi sana. Nikaitumia wiki nzima kwa raha, mpaka siku moja nikasoma masharti yake. Ni bure kwa mtu wa nyumbani na kwa shule. Ukiitumia kwenye biashara, unalipia. Na mimi natoza watu kwa picha zile. Bei yenyewe si kubwa, kama elfu thelathini hivi, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Nilishangaa jinsi nilivyolala vizuri siku hiyo.

Fonti zikaniumiza zaidi. Nilikuwa na mwandiko mmoja wa kadi ambao mabibi harusi waliupenda mno. Ukishusha fonti huwa inakuja na kifaili cha maandishi ambacho sote tunakifuta. Nikakifungua: matumizi binafsi tu. Mdogo wangu akabisha, akasema harusi si ni jambo binafsi la bibi harusi? Ni kweli kwake. Ila fonti naitumia mimi, na mimi nalipwa. Tulibishana jioni nzima juu ya hilo na nilimshinda. Nikahamia kwenye fonti zenye leseni ya SIL Open Font License, ambazo Google Fonts wanazo nyingi, na hizo unatengenezea kadi za kuuza bila kumuomba mtu. Great Vibes ndiyo iliyochukua nafasi ya mwandiko wangu wa zamani, na sijasikia mteja akilalamika.

Neno lenyewe la Kiingereza, freeware, lilianzishwa mwaka 1982 na Mmarekani Andrew Fluegelman kwa programu yake ya mawasiliano, PC-Talk. Aliwaachia watu wainakili na kupeana, na aliyeipenda aliombwa atume mchango wa dola 25. Mchango, kama huu wetu wa harusi! Akalisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara, na wenzake wakaja kutumia neno jingine, shareware: jaribu kwanza, ukiridhika lipa. WinRAR, ile ya kubana na kufungua mafaili, ndiyo mfano tunaoujua wote. Unapewa siku 40 za majaribio, zikiisha inaendelea kufunguka huku ikikukumbusha kulipa. Watu wanaona kwa kuwa inafunguka basi ni ya bure. Siyo, muda wako umekwisha na unadaiwa. Mimi niliitoa nikaweka 7-Zip, inayofungua mafaili yale yale na haijali kama uko nyumbani au dukani.

Hiyo 7-Zip ni programu huria, na hapa Kiswahili kimetupa nafasi nzuri ambayo Waingereza hawana. Wao neno lao moja, free, linabeba mambo mawili, mpaka Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza miaka yote kwamba anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Sisi tuna bure na tuna huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni huria na watu wanalipa ada, hakuna anayechanganyikiwa. Programu ya bure tu, mwenyewe amekuachia bila pesa, lakini masharti ni yake na kilicho ndani hukioni. Programu huria unaitumia kwa kazi yoyote, unaona ilivyoandikwa, unaibadilisha, unamgawia mwenzako. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliweza kuichukua OpenOffice.org, programu huria ya kazi za ofisi, na kutoa toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Programu ya bure isiyo huria huwezi kuifanyia hivyo mpaka mwenye mali akubali.

Kuna mtu alinitisha kwamba nikichora kadi kwa Inkscape, programu huria ya kuchorea yenye leseni iitwayo GPL, basi na kadi zangu zinakuwa mali ya kila mtu. Uongo. GPL inahusu programu, ulichokichora ni chako.

Windows nako kulikuwa na siri. Kompyuta zangu zote ni za mtumba, nilizinunua Kariakoo, na fundi aliniambia zote zina Windows ya kudumu. Ukitaka kuhakikisha, fungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, andika slmgr /xpr, bonyeza enta. Kompyuta moja ikaniambia ni ya kudumu. Ya pili ikanipa tarehe ya kuisha! Ilikuwa imewashwa kwa ujanja unaojifanya mtambo wa kugawia leseni wa kampuni kubwa, ambao unahesabu siku 180 kisha unajihuisha kimyakimya. Kumbe kompyuta ile ilikuja na leseni yake halali kutoka kiwandani. Mashine nyingi zilizouzwa na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo ndani ya ubao mama. Ilitoka na toleo la Home, fundi akapiga Pro kama anavyowapigia wote, ufunguo ukakosa kazi. Nikapiga Home, nikaunganisha intaneti, ikajitambua yenyewe. Sikulipa hata mia.

Ya tatu ni kuukuu, haina ufunguo wowote. Nikaiwekea Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice ya kuandikia. CV ya kwanza ya mteja ilinitoa jasho: kwake kurasa mbili, kwangu tatu. Iliandikwa kwa Calibri, na kompyuta haikuwa nayo. Dawa ni fonti iitwayo Carlito, herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri. Nikaiweka, ukurasa wa tatu ukatoweka mbele ya macho ya mteja.

Wenye maduka wenzangu wananiambia hapa kwetu nani anakagua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyomlinda msanii, na hawa hawa wanaosema hivyo ndio wanaolia miundo yao ya kadi ikiibiwa na duka la jirani.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alikaa kwenye ile ya tatu, akaniuliza, "Dada, hii ya kuchorea naweza kuondoka nayo?" Nikamwekea Inkscape ya Windows kwenye flashi yake, pamoja na faili la leseni na mahali pa kupata msimbo wake, yaani ilivyoandikwa, nikamtoza elfu moja ya bando. GPL inaruhusu kutoza. Akauliza kama na yeye anaweza kumpa mwenzake wa hosteli, nikamfungulia kile kifaili cha leseni akasoma mwenyewe.