Kwa Nini Navua Hori za Mombasa kwa Vifaa vya Besi

Watu wanapozungumzia uvuvi wa fimbo hapa Mombasa, mawazo hukimbilia mara moja kwenye boti kubwa zinazovuka mwamba kwenda kutafuta nduaro, sulisuli na jodari, zikiwa na fimbo nene, rili nzito na nyuzi za kumzuia samaki anayemzidi mvuvi mwenyewe kwa uzito. Uvuvi huo una heshima yake na sina neno nao. Ule ninaoupenda mimi hufanyika ndani ya hori zetu, katika maji ya Tudor na Port Reitz, kando ya mikoko, penye nguzo za magati na kwenye kingo za mikondo ambako maji hupita kwa nguvu wakati wa bamvua. Kwa uvuvi huo naamini kabisa kwamba hakuna vifaa vinavyotufaa kuliko vile vilivyobuniwa Marekani kwa ajili ya besi, samaki wa maziwa na mito ya maji baridi.

Besi mwenye mdomo mkubwa si mgeni nchini Kenya. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, na yeyote aliyemvua huko kando ya mafunjo anaijua tabia yake: hafukuzi chakula masafa marefu, bali hujibanza kivulini, akatulia, kisha akapanua mdomo ghafla hivi kwamba maji na windo huvutwa ndani kwa pamoja. Tewa anayeishi kwenye mizizi ya mikoko hufanya vivyo hivyo. Mzia naye hukaa kimya katikati ya maji kabla ya kuchomoka. Kolekole ana tabia tofauti, kwa kuwa yeye hutembea kwa makundi na kukimbiza, lakini wale wadogo na wa kadiri wanaoingia horini hupita kwenye kingo zilezile ambazo dagaa na kamba hujificha. Samaki wa namna hii wanahitaji chambo kinachoweza kurushwa kwa shabaha karibu na maficho, kikashuka taratibu mbele ya macho yao, kisha kikatoka bila kunasa kwenye mizizi. Wabunifu wa vyambo vya besi wamelishughulikia jambo hilo kwa muda mrefu, huku vifaa vya bahari kuu vikitengenezwa kwa ajili ya kuburutwa nyuma ya boti mahali pasipo na kitu cha kunasa.

Chambo ninachokitegemea kuliko vyote ni kile laini cha plastiki kinachovikwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Asili yake ni mnyoo wa plastiki ambao Nick Creme na mkewe waliutengeneza huko Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1949, na ambao wavuvi wa besi waliupokea kwa sababu ulikuwa laini mdomoni mwa samaki na ulicheza majini hata ulipoguswa kidogo tu. Mnyoo wenyewe siutumii sana horini. Napendelea umbo la kamba au la samaki mdogo mwenye mkia bapa, lenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, kwa sababu hivyo ndivyo vyakula ambavyo tewa na kolekole wetu wamezoea kuvimeza. Uzito wa risasi huufuata mwezi: siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole, gramu 7 zinatosha, lakini wakati wa bamvua, ambapo tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3, hupanda hadi gramu 14 au zaidi, la sivyo chambo hupeperushwa na mkondo bila kufika chini. Ningemwambia kila anayeanza kwamba anunue vichwa vya risasi vya uzito mbalimbali kabla ya kununua rangi mbalimbali za plastiki, kwa maana samaki asiyefikiwa na chambo haoni rangi yake.

Mahali ambapo ufundi wa besi unatufaa zaidi ni katika namna ya kuvisha. Kwenye mikoko, ndoana iliyo wazi hunasa kila inaporushwa. Wavuvi wa Texas walitatua jambo hili kwa njia rahisi: risasi yenye umbo la tone la maji hupitishwa kwenye uzi ili iteleze yenyewe, kisha hufungwa ndoana pana yenye shingo iliyopinda. Ncha ya ndoana huingizwa puani mwa chambo kwa nusu sentimita, ikatolewa upande wa chini, ikavutwa hadi ile shingo ikae ndani ya kichwa. Halafu ndoana hugeuzwa, mwili wa chambo ukapimwa kando yake, na ncha ikachomwa tena kupitia tumboni hadi itokee mgongoni, ambapo hulazwa chini ya ngozi nyembamba ya plastiki. Chambo kinapaswa kunyooka kabisa. Kikijikunja hata kidogo, huzunguka majini, uzi husokoteka, na tewa hukiangalia tu. Kikinyooka, hupita juu ya mzizi, huanguka upande wa pili, na ncha haitokei mpaka samaki abane taya.

Saa niipendayo ni pale maji yanapoanza kujaa na kuingia kwenye mizizi ya nje. Hurusha chambo upande ambako mkondo unatoka, si unakoelekea, ili kishuke kikielekea kwenye mizizi kama kamba aliyechukuliwa na maji. Uzi ndio unaosema: ukilegea kabla ya muda wa chambo kufika chini, kuna aliyekidaka njiani. Kwa tewa hakuna kusubiri, kwa sababu akishakimeza chambo hugeuka mara moja kurudi shimoni, na akiingia huko hufungua matamvua yake na kujikaza kwenye mawe, hata mkono wenye nguvu ukashindwa kumtoa. Fimbo lazima iwe imeinuliwa na rili iwe inazungushwa tangu mguso wa kwanza.

Cha pili katika mapenzi yangu ni samaki bandia mgumu mwenye ulimi mfupi wa plastiki chini ya kidevu, ule unaomfanya azame na kutikisika anapovutwa. Manahodha wengi wa pwani humwita rapala, awe ametengenezwa na kampuni hiyo au na nyingine, na heshima hiyo ni ya haki. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa gome laini la mti, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili kisipenye maji. Alikuwa ametazama jinsi samaki mkubwa anavyomchagua mdogo anayeyumba kuliko mwenzake anayeogelea sawasawa. Mimi huchukua wa sentimita 9 hivi, anayezama takriban mita moja, kwa kuwa kingo za mikoko si za kina kirefu. Wale wenye ulimi mrefu, wanaozama mita nne au tano, nawaacha kwa ajili ya kuta za gati na pembe za Kilindini ambako kina huanza ghafla.

Hawa samaki bandia wa besi wana upungufu mmoja ambao lazima urekebishwe kabla hawajaguswa na maji ya chumvi. Huja na ndoana za matawi matatu zilizotengenezwa kwa waya mwembamba, zinazotosha kwa besi wa kilo mbili, lakini kolekole wa uzito huohuo huzinyoosha kwa sababu nguvu yake haina mfano katika maji baridi. Mimi huzitoa zote. Kwa koleo ndogo yenye jino, hufungua pete, huondoa ndoana ya zamani, na mahali pake huweka ndoana ya ncha moja tu iliyo nene na yenye kinga ya kutu, ile ya tumboni ncha yake ikitazama mbele na ya mkiani ikitazama juu. Kisha hukiburuta chambo karibu na miguu yangu nione kama bado kinatikisika vizuri, maana ndoana ikizidi uzito mwendo wake hufa. Ndoana moja hunasa mizizi mara chache zaidi, hushika taya kwa uthabiti zaidi, na hutolewa haraka samaki anaporudishwa majini. Kurudisha samaki nalichukulia kwa uzito, hasa kwa tewa, kwa kuwa aina nyingi za tewa huanza maisha zikiwa jike na baadhi yao hugeuka dume zinapokuwa kubwa. Anayewatoa wakubwa wote mahali pamoja huondoa madume kwanza, na mahali hapo huchukua muda mrefu kupona.

Chambo cha juu ya maji nakitumia alfajiri tu, bahari ikiwa shwari, kabla upepo haujaamka. Umbo ninalolipenda ni lile la kijiti kisicho na ulimi, ambalo kampuni ya Heddon ya Michigan ilianza kulitoa kwa plastiki mwaka 1939 kwa jina la Zara Spook. Ukikigusa kwa ncha ya fimbo kwa mapigo mafupi huku uzi ukiwa umelegea kidogo, huenda kushoto na kulia kama mkizi aliyepotezana na kundi lake. Mkizi, ambaye hasira zake ni tijara ya mvuvi, amejaa katika hori zetu, na kolekole anapomfuatia juu ya maji sauti yake husikika kutoka mbali. Hakuna mguso mwingine ninaoupenda kama huo, ingawa nakiri kwamba chambo laini hujaza kapu zaidi.

Kuhusu rangi, nadhani wauzaji wametuchosha. Mwezi wa Aprili na Mei, masika yanapoleta matope kutoka bara na hori kugeuka rangi ya chai, natumia nyeupe au manjano ya kijani kibichi, zinazoonekana katika maji machafu, au nyeusi tupu ambayo hutoa kivuli kinachoonekana samaki anapotazama juu. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa safi, natumia rangi ya fedha au plastiki inayopenyeza mwanga. Zaidi ya hapo sioni faida. Nyekundu hupotea mapema kuliko rangi nyingine kadiri maji yanavyozidi kina, kwa hiyo chambo kinachong'aa kwa wekundu dukani huwa cha kijivu mahali ambapo kinatakiwa kufanya kazi. Inasimuliwa kwamba George Perry, aliyeweka rekodi ya dunia kwa kumvua besi wa pauni 22 na aunsi 4 huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, siku hiyo alikuwa akitumia fimbo moja na chambo kimoja pamoja na mwenzake. Rekodi hiyo ilifikiwa mwaka 2009, pale Manabu Kurita alipovua katika Ziwa Biwa, Japani, besi aliyezidi kwa chini ya aunsi moja, tofauti ndogo mno kwa kanuni za rekodi kumtangaza yeye peke yake.

Fimbo yangu ina urefu wa futi 7, ni ya nguvu ya wastani, na hurusha vizuri kati ya gramu 7 na 21. Wavuvi wa besi wa Marekani hupenda sana rili inayokaa juu ya fimbo, ambayo gurudumu lake huzunguka chambo kinaporuka, na kwa shabaha haina mpinzani. Hapa sipendelei. Kusi likivuma usoni, chambo chepesi hupunguza mwendo hewani huku gurudumu likiendelea kuzunguka, na uzi wote hufumana. Rili inayoning'inia chini ya fimbo haina tabu hiyo, na nikiweka uzi wa kusokotwa unaostahimili mzigo wa pauni 20 napata umbali pamoja na hisia ya kila kinachogusa chambo. Mbele ya uzi huo hufunga mita moja ya florokaboni (uzi wa plastiki ngumu) ya pauni 30, kwa sababu uzi wa kusokotwa hukatika upesi ukisuguliwa na chaza walioshika kwenye mizizi na nguzo. Waya wa chuma situmii mpaka nione mzia wakikata chambo kimoja baada ya kingine, kwa kuwa waya huua uhai wa chambo chepesi, na tewa aliyezeeka hukataa kabisa kukisogelea.

Baada ya kila safari, rili hufungwa breki na kuoshwa kwa maji baridi yanayotiririka taratibu, si kwa mpira wenye kasi, kwani kasi huisukuma chumvi ndani zaidi. Vyambo vilivyotumika havirudi kwenye sanduku kabla ya kuoshwa na kukauka, maana ndoana moja yenye chumvi huzitia kutu zote zilizo jirani.

Ninapopata nafasi ya kwenda Naivasha, hubeba fimbo ileile na rili ileile. Hupunguza uzi wa mbele hadi pauni 12, huacha samaki bandia wengi nyumbani, na chambo laini cha umbo la kamba nakibadilisha na cha rangi ya udongo mwekundu chenye makucha mawili, kwa sababu kamba wa maji baridi kutoka Louisiana walipandikizwa ziwani humo mwaka 1970 na besi wamejifunza kuwala. Hukivisha kwa namna ileile ya Texas, nikakirusha hadi kwenye ukingo wa mafunjo, nikakiacha kishuke chenyewe huku jicho likiwa kwenye uzi. Baadhi ya sehemu za ukingo sizisogelei hata zikipendeza vipi, kwa kuwa kivuli hichohicho cha mafunjo ndicho viboko hukipenda.