Bob ni mjomba wa nani?

Kazi yangu ni kusikiliza watu nisiowajua. Wateja hunitumia sauti walizorekodi, nami naziandika neno kwa neno. Nafanya usiku zaidi, maana mchana hapa Kondele, Kisumu, kuna makanga, spika za mahubiri na tuktuk zinazopiga honi bila sababu. Mwaka wa tatu sasa. Nilidhani Kiingereza nakijua, kwani shuleni nilikuwa nakipatia A.

Halafu akaja fundi wa paa kutoka Leeds. Alikuwa akieleza jinsi ya kuziba paa linalovuja: unatoa kigae kibovu, unaweka kizima, unagonga misumari miwili, "and Bob's your uncle". Nikarudisha nyuma mara tano. Bob katokea wapi? Tangu faili lianze hakuna Bob aliyetajwa. Nikakata shauri kwamba anayemhoji fundi ana mjomba aitwaye Bob, na kwa bidii zangu nikaandika hivyo pembeni. Faili likarudishwa, malipo yakakatwa nusu. Mteja yule ni mkono wa birika, lakini siku hiyo sikuwa na pa kujitetea.

Kumbe maana yake ni "basi, kazi imeisha". Asili yake inabishaniwa. Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, ambaye mwaka 1887 alimpa mpwa wake Arthur Balfour uwaziri wa mambo ya Ireland. Jina la Salisbury lilikuwa Robert, na Bob ni kifupi cha Robert. Ukiwa na mjomba wa namna hiyo, shida yako ni nini? Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tena sisi tumeshawahi kugeuza mwanasiasa kuwa msemo: wakati wa kampeni za 1992 watu waliibatiza noti ya 500 "Jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza YK'92, kundi la vijana lililompigia debe Rais Moi.

Na Salisbury alikuwa mjomba hasa, si amu, kwa kuwa mama yake Balfour alikuwa dada yake. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Mjomba wangu wa Ahero anaijali sana. Nilipompigia kumweleza kwamba Waingereza humwambia kila mtu Bob ni mjomba wake, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo Bob alikuwa na dada wengi."

Tangu hapo nina daftari. Limeandikwa "knackered", yaani kuchoka hoi, neno linalotokana na wale waliokuwa wakinunua farasi waliochakaa ili wawachinje. Limeandikwa "pissed": London mtu huyo amelewa, Chicago amekasirika, kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza sauti imetoka wapi. Chumvi nayo ina ukurasa wake. Kwetu chumvi huitia msemaji, anapoongeza mambo. Mwingereza chumvi anamwachia msikilizaji: habari ukiitilia shaka, unaipokea na chembe ya chumvi. Kitoweo ni kilekile, mpishi ndiye tofauti.

Lakini lililonitoa jasho ni meza. Nilipewa kikao cha kamati fulani ya Marekani, niandike na muhtasari. Wakasema suala la mishahara "is tabled". Nikaandika kwamba limewasilishwa lijadiliwe, kwa sababu hata bungeni Nairobi kitu kikiwekwa mezani ndiyo kimeletwa. Waingereza nao ni hivyohivyo. Kwa Wamarekani kumbe ni kinyume, limewekwa kando. Churchill alisimulia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu katika Vita Kuu ya Pili juu ya neno hilohilo, huku wote wakitaka jambo moja. Nilifarijika kidogo. Wao walikuwa na majenerali, mimi nina kompyuta iliyopasuka kioo.

Wakati mwingine nawaza kuwageuzia kibao. Mletee fundi wa Leeds sauti ya kijana wa hapa stendi, "Omera, fom ni gani?", yaani ndugu, mpango ni upi, nina hakika ataandika kwamba kuna fomu inatafutwa.

Wiki jana nikapata bibi wa Birmingham anayehojiwa na mjukuu wake. Anasimulia kazi yake ya kwanza, na jinsi alivyompa mama yake "ten bob" kila Ijumaa. Kijana akamkatiza: bob ni nini? Ikabidi bibi aanze mbali, kwamba bob ilikuwa shilingi, kwamba shilingi 20 zilifanya pauni moja, kwamba hesabu hiyo ilifutwa Februari 1971. Kijana bado hakuelewa.

Mimi nilikuwa nimeshaandika, niko mbele nawangojea. Jioni ileile nilikuwa nimetoka Kibuye na omena wangu na kubishana na mtu wa boda aliyetaka sabini. Tulipatana fifty bob. Na mbao ya Nairobi ni shilingi ngapi, kama si hizohizo 20? Wazee kijijini kwetu bado wanaziita pauni.

Kijana akamwomba bibi yake arudie. Mimi sikurudisha nyuma hata mara moja.