Uchovu wa baada ya kiharusi, na ule tunaouongeza wenyewe

Mtu aliyepatwa na kiharusi akishaanza kutembea bila fimbo na maneno yake yakisikika vizuri, majirani humshukuru Mungu pamoja naye na kuhesabu kwamba maradhi yamekwisha. Kwangu mimi, hapa Wete, kilichobaki baada ya mkono wa kulia kurejewa na nguvu ni uchovu ambao hata usingizi wa usiku kucha hauuondoi. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinaonesha kwamba takriban nusu ya walionusurika na kiharusi huupata, na hata ambaye kiharusi chake kilikuwa chepesi anaweza kuelemewa nao. Kwa hiyo si uvivu, wala si upungufu wa imani, na nasema hivyo kwa sababu yote mawili nimeambiwa.

Kwanza daktari ahusishwe, kwa kuwa upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, kisukari, sonona, usingizi unaokatwakatwa na kukoroma na hata baadhi ya dawa za presha vinaweza kuuzidisha, na baadhi ya hayo yanatibika.

Baada ya hapo ndipo ninapopata la kusema. Nimeona kwamba uchovu wangu una sehemu mbili: ile inayotoka kwenye ubongo uliojeruhiwa, ambayo siiwezi kuiamuru, na ile inayoletwa na fikra zangu juu ya uchovu wenyewe. Nikilemewa saa nne asubuhi, fikra ya mwanzo inayonijia ni kwamba kiharusi kinarudi. Ya pili, kwamba nimekuwa mzigo kwa wanangu. Moyo hunienda mbio, mabega hukakamaa, na nguvu chache zilizokuwapo huishia kwenye hofu. Wanasaikolojia hufundisha kuiandika fikra ya namna hiyo kama ilivyokuja, kisha kuiuliza ushahidi wake. Je, mdomo umekwenda upande? Mkono au mguu umeishiwa nguvu ghafla? Ulimi umekuwa mzito? Likiwapo hata moja, hapana la kuandika tena, ni kukimbizwa hospitali wakati huohuo. Yasipokuwapo, naandika: huu ni uchovu ninaoujua, jana pia ulikuja na ukapungua.

Daftari hilohilo hulitumia kuandika nilichofanya na kiasi cha uchovu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Lilinifunza jambo ambalo nisingelikisia. Nikikaa peke yangu juu ya jamvi nikichambua karafuu, nikizitenga na makonyo yake, sichoki sana; lakini wageni watatu wakija kunijulia hali na kuzungumza kwa pamoja, huku redio inasema na simu inalia, kesho yake siamki. Aidha niliona kwamba siku niliyojihisi mzima nilifagia, nikafua na kupika kwa mkupuo, kisha siku zilizofuata zikapotea kitandani. Sasa napumzika kabla sijachoka, hata katikati ya kazi inayokwenda vizuri, na hili ndilo gumu kuliko yote, maana anayekuona umelala ilhali unacheka hakuelewi. Jirani yangu mmoja wa makamo ya mama yangu aliniambia, “Mwanangu, mwili ukiuendekeza utakudekea.” Alinitakia kheri, nami nilimjibu kwa adabu kwamba hayo ni maelekezo ya matibabu.

Kingine kinachonisaidia ni mazoezi ya kuzingatia hali ya sasa, yaani kuyatambua yanayopita akilini na mwilini bila kuyahukumu; Jon Kabat-Zinn aliyapanga kuwa mafunzo kwa wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, kuanzia mwaka 1979. Mimi hulala chali mkekani na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Fikra ikinichukua, naitambua na kurudi kwenye pumzi bila kujilaumu. Kisha napeleka mazingatio kwenye vidole vya miguu, magoti, tumbo, mpaka mkono wenye ganzi, ambao zamani nilikuwa naukwepa hata kuufikiria. Wapo ambao kuusikiliza mwili huwazidishia wasiwasi. Hao wafumbue macho na kusikiliza sauti za nje badala yake. Uchovu hauondoki kwa hayo, ila hofu hupungua, na kwangu hiyo ni nafuu kubwa.

Ushahidi wa kitaalamu bado ni mchache, lakini upo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 83 katika mpango wa wiki 12: wote walipata tiba ya fikra na mazoea, yaani ya kuzihoji fikra na kubadili mazoea, na kundi moja likaongezewa mazoezi ya viungo yanayopandishwa kidogo kidogo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hilo la pili likapata zaidi.

Wengine wameniuliza iwapo haya yanagongana na dini. Sioni hivyo, kwa kuwa dini yenyewe imemruhusu mgonjwa asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu; nami nilipoikubali ruhusa hiyo bila kuona haya, nilianza kupata utulivu ndani ya swala.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani, ombi langu ni kwamba wageni waingie mmoja mmoja, redio izimwe, na mgonjwa akisema amechoka aagwe papo hapo, bila kuulizwa amefanya nini mpaka achoke.