Chumvi ya Kibiro

Kabla ya kufika Kibiro nilikuwa mwanafunzi wa kemia Makerere niliyekwisha kujipangia maisha: shahada, kisha kazi ya maabara katika kiwanda chochote kule kwetu Jinja. Historia ya kemia niliisoma kwa mapenzi tu, usiku, baada ya kufunga vitabu vya mtihani.

Mapenzi hayo aliyatia Robert Multhauf, Mmarekani niliyemjua kwa maandishi yake. Alianzia uhandisi wa kemikali, akageukia historia, akafanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na kuanzia 1964 hadi 1978 akahariri Isis, jarida kubwa la historia ya sayansi. Mwaka huo wa 1978 akatoa kitabu kizima kuhusu chumvi, hii hii tunayotia kwenye mboga. Na alikuwa na haki. Viwanda vya kemikali vya Ulaya vilisimama juu ya chumvi: mwaka 1791 Nicolas Leblanc wa Ufaransa alipewa hataza ya kuigeuza kuwa magadi, na magadi ndiyo yaliyolisha viwanda vya vioo na sabuni.

Nikamuuliza mwalimu wangu: na sisi je? Akanijibu, "Nenda Kibiro."

Kijiji hicho kiko Hoima, kando ya Ziwa Albert, chini ya genge la Bonde la Ufa. Niliteremka kwa miguu, magoti yakitetemeka, na kabla sijafika chini nikapokewa na joto na harufu ya chemchemi za maji moto. Mama mmoja mtu mzima, aliyejifunza Kiswahili kwa wanunuzi wa chumvi kutoka ng'ambo ya Kongo, akanipigia kelele kwa mbali.

"Toa viatu, mwanangu! Hapo unakanyaga chumvi."

Lilikuwa shamba lake, alilorithi kwa mama yake na atakalomwachia binti yake. Kazi hii ni ya wanawake. Alikuwa akitandaza udongo mkavu, laini, juu ya ardhi iliyolowa maji ya chemchemi. Udongo unafyonza maji kutoka chini, jua linayakausha, chumvi inabaki. Unakwanguliwa, unatandazwa tena, siku baada ya siku, hadi ukolee. Kisha unatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, unamiminiwa maji, na yanayochuruzika yanachemshwa mekoni mpaka chumvi ijitokeze. Udongo wenyewe hautupwi, unarudi shambani.

Nilimuuliza anajuaje kwamba udongo uko tayari. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema. "Huu bado." Akasogea hatua chache, akaonja tena. "Huu nachuja kesho." Nami nikaonja yote miwili. Kwangu ilikuwa chumvi na chumvi. Kwake kulikuwa na tofauti iliyo wazi.

Pale shambani niliona kila hatua niliyofundishwa maabara: ufyonzaji, uvukizaji, uchujaji, ukolezaji. Graham Connah, mwanaakiolojia aliyechimba Kibiro, alionyesha kwamba chumvi imetengenezwa hapo kwa karne nyingi, yaani tangu zamani kabla ya Leblanc kuzaliwa. Vitabu vya kemia nilivyosoma tangu sekondari havikuwataja akina mama hawa hata kwa mstari mmoja. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Mama aliniona ninaandika. "Umeandika nini?"

Nikamsomea: udongo, jua, maji, chombo.

"Na kuni?"

Sikuwa nimeziandika. Akanishika mkono, akanigeuza nitazame juu ya genge. Kuni zinatoka huko, akasema, na huku chini ardhi hailimiki, kwa hiyo chumvi ndiyo inayonunua chakula. Kuni zikipanda bei, muhogo nao unapungua sufuriani. Hesabu hiyo alinifanyia yote kwa vidole, gunia kwa gunia, nami nikiandika.

Niliporudi Kampala niliomba kuhamia historia. Katika tasnifu yangu, sura iliyokuwa ndefu kuliko zote ilihusu kuni.